Mirathi ya shamba la miti: msigawane kwa ekari

Mnunuzi wa kwanza wa misindano (miti ya paina) ya baba alitufikia Mufindi kabla hata ya arobaini. Alitembea pembezoni mwa shamba, akataja bei ya ekari zote kumi kwa mkupuo, na baba mdogo akaona ni neema. Nusura nami nikubali.

Tanzania haitozi kodi ya urithi, ndiyo maana wengi wetu thamani ya shamba huikisia tu. Lakini msimamizi wa mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne tu ya kuwasilisha Fomu Na. 5, yenye mali na madeni yote ya marehemu. Ukiandika "shamba la miti, ekari 10", hujasema kitu. Kwetu, ekari nne zilikuwa na misindano ya miaka 17. Sita zilikuwa na miti ya miaka minne. Tungegawana kwa ekari, mmoja angeondoka na mbao, mwingine na palizi.

Tulimlipa bwana misitu mmoja siku mbili. Alishika kamba ya mita 5.64, akaizungusha: hapo unapata mita za mraba 100. Ndani ya duara unahesabu miti, unapima unene wa kila shina mita 1.3 kutoka ardhini, na kimo cha michache. Rudia bondeni na mlimani, maana miti ya kando ya barabara ndiyo hunenepa na kudanganya macho. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari hubeba miti kama 450. Sisi hatukufikisha 300. Moto ulipita upande wa juu baba akiwa mgonjwa, na hakutuambia.

Bei ya mbao mjini nayo isikuzuzue. Toa gharama ya kukata, kuchana kwa dindong (mashine ndogo ya kupasulia mbao shambani), kusomba hadi barabarani, na ushuru. Kinachobaki ndicho thamani ya mti uliosimama. Bondeni kwetu gari halishuki masika, na hilo lilikula sehemu kubwa ya hesabu.

Ile miti michanga mnunuzi aliihesabu sifuri. Sisi tuliandika gharama za miche, kupanda, palizi na barabara za moto (njia zilizofyekwa kuzuia moto) za miaka yote minne. Ardhi tuliiandika peke yake.

Dada alichagua michanga, akaongezewa nusu ekari ya mikubwa ili hesabu zilingane. Baba mdogo bado ananung'unika.