Baba ana Parkinson na miguu inaganda: je, kucheza muziki kutamsaidia?

SWALI: Baba yangu ana miaka 71 na ana ugonjwa wa Parkinson kwa mwaka wa 4 sasa. Anameza levodopa yenye karbidopa mara 3 kwa siku. Kutetemeka si shida kubwa. Shida ni miguu. Akifika mlangoni au akitaka kugeuka, inaganda kama imegundishwa sakafuni. Lakini redio ikipiga nyimbo za ujana wake, anainuka, anacheza, na anatembea vizuri mpaka wimbo uishe. Nimesikia kuna tiba ya dansi. Inasaidia kweli mwili na akili? Naweza kuianza nyumbani bila kumwangusha? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hicho unachokiona redio ikipiga ndicho kiini cha jambo lenyewe. Sehemu ya ubongo inayoendesha matendo ya mazoea, kama kutembea, kugeuka na kuinuka kitini, hutegemea dopamini, kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe. Dopamini ikipungua, mgonjwa anabaki na misuli yenye nguvu ila hana saa ya ndani ya kuiambia miguu "sasa". Mdundo wa nje unamwazima saa hiyo, na ubongo unapitia njia nyingine ambazo ugonjwa haujaziharibu sana. Wimbo ukiisha, saa imeondoka.

Mdundo wenyewe umepimwa hapa kwetu. Katika utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa 2010, wagonjwa 21 ambao hawakuwa wamewahi kutumia dawa walifundishwa kutembea kwa mlio wa metronomu (kifaa kinachogonga mdundo usiobadilika), vipindi 9 vya dakika 30 ndani ya wiki 3, na mwendo wao ukawa bora. Kwa upande wa dansi yenyewe, watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwagawa wagonjwa 58 katika tango ya Argentina, dansi za ukumbini (waltz na foxtrot), na kundi lisilocheza. Baada ya masomo 20 ya saa moja moja ndani ya wiki 13, waliocheza waliimarika katika usawa wa mwili na mwendo. Tango ina faida ya pekee kwa watu kama mzee wako: ni dansi ya kuanza, kusimama, kurudi nyuma na kugeuka, yaani mambo yaleyale yanayomshinda. Huhitaji kumfundisha tango. Chukua mambo hayo manne uyatie kwenye muziki anaoujua.

Kabla ya kuchagua wimbo, mhesabu mzee. Mwache atembee uani mahali pasipo mlango wala kona, saa ambayo dawa inafanya kazi, na uhesabu kila mguu unaogusa chini kwa sekunde 30, kisha uzidishe kwa 2. Tuseme umepata 46. Mwendo wake ni hatua 92 kwa dakika. Kisha hesabu wimbo: piga makofi na mdundo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. (Ukipata 180 na kitu, umehesabu mara mbili, gawanya kwa 2.) Asiyeganda anaweza kuanza na mwendo wake mwenyewe na kupanda hadi asilimia 10 juu. Anayeganda, kama baba, aanze na mwendo wake au asilimia 10 chini, yaani kati ya 83 na 92. Kosa linalofanywa sana ni kumwekea wimbo wa haraka "ili achangamke". Hatua zinafupika, zinakimbizana, kiwiliwili kinatangulia miguu, na hapo ndipo watu huanguka.

Kwa sababu hiyohiyo, jihadhari na chemko. Nyimbo nyingi za dansi la zamani na rumba ya Kongo huanza taratibu kisha zinaingia sehemu ya magitaa inayochangamka. Mzee aliyekuwa akienda vizuri ghafla anafukuzana na gitaa. Kata wimbo kabla ya hapo, au mkalishe chemko kikianza acheze kwa mikono. Chakacha na taarab za mwendo wa tatu-tatu zinapendeza kwa mazoezi ya kukaa, lakini kwa kutembea ni ngumu, kwa kuwa sikio la mgonjwa halipati pigo moja la wazi la kukanyagia. Ukikosa wimbo unaofaa, programu ya metronomu ya bure kwenye simu inatosha, ingawa haina raha.

Saa ya mazoezi ifuate kidonge. Kwa wengi, dawa huanza kufanya kazi dakika 30 hadi 60 baada ya kumeza, na hapo ndipo pa kuanzia. Kidonge kikimezwa pamoja na samaki, nyama au maharage mengi, protini hushindana nacho kuingia mwilini. Kimezwe nusu saa kabla ya chakula, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Usipunguze dawa kwa kuwa anacheza vizuri.

Pima pia presha, maana Parkinson na dawa zake huishusha mtu anaposimama. Alale dakika 5, pima; asimame, pima baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, mazoezi ya kusimama yasubiri mpaka aonane na daktari. Ya kukaa yanaweza kuendelea.

Ondoa mkeka, zulia dogo na waya za feni. Msuli mrefu haufai. Avae suruali au kaptula. Kandambili hazifai, na raba zenye soli inayong'ang'ania sakafu nazo hazifai kwa mtu anayeburuza miguu, kwa sababu zinamkwaza. Tumia kiatu cha kufunga chenye soli nyembamba isiyoteleza. Kiti kiwe imara, chenye mikono, kimeegemezwa ukutani.

Anza na dakika 10 akiwa amekaa: kupiga hatua palepale huku magoti yakipanda juu, mikono ikipiga makasia kwa upana wote, kiwiliwili kikizunguka kushoto na kulia. Sisitiza ukubwa wa tendo, si kasi, kwani ugonjwa huu hufanya kila tendo liwe dogo bila mwenyewe kujua. Kisha dakika 15 akisimama nyuma ya kiti ameshika egemeo: kuhamisha uzito mguu hadi mguu, hatua moja mbele na kurudi, moja pembeni na kurudi, halafu moja nyuma. Hatua ya nyuma ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa hiyo ashike kiti kwa mikono yote miwili. Dakika 10 za mwisho ni za kutembea na mdundo: hesabu ya 8 mbele, 4 kusimama akiyumba, 8 tena. Lenga saa moja pamoja na mapumziko, mara 2 kwa wiki. Wiki 2 za mwanzo, nusu ya hapo inatosha.

Usimvute mikono ukiwa mbele yake. Ukimvuta, kifua kinakuja na miguu inabaki. Simama ubavuni, nyuma kidogo, upande ulio dhaifu zaidi, na ushike mkanda wake wa kiunoni. Mkitaka kucheza mkitazamana, yeye aegemeze mikono yake juu ya yako. Wewe ndiye unayerudi nyuma, kwa kasi yake.

Akiganda, usimwambie "twende, twende". Asimame kabisa, asikilize mdundo, ayumbe kushoto na kulia mara 4, ndipo apige hatua moja kubwa. Kugeuka kusifanywe kwa kuzungukia mguu mmoja. Azunguke upana kama anayezunguka meza, kwa hatua 6 au zaidi. Pale mlangoni bandika vipande vya utepe wa rangi inayotofautiana na sakafu, umbali wa sentimita 40 hadi 50 kati ya kimoja na kingine, avikanyage kimoja kimoja. Kuimba huku akitembea kuongezwe baadaye sana: mambo mawili kwa wakati mmoja huwa mzigo. Akiwa amekaa aimbe kwa nguvu, maana sauti ya wagonjwa wa Parkinson nayo hufifia.

Kuhusu akili, niwe wazi. Tiba ya dansi kwa maana kamili ni kazi ya mtu aliyesomea, anayetumia mijongeo kufikia huzuni, hofu na mahusiano ya mgonjwa. Marian Chace aliianza katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942. Mtakachofanya nyumbani ni mazoezi kwa njia ya dansi, na yanafaa bila kupewa jina kubwa. Sonona ni ya kawaida kwenye Parkinson, na kucheza na wenzake humtoa mtu chumbani. Lakini mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu tiba ya dansi kwa sonona kwa jumla yalipata tafiti 3 tu zenye watu 147, msingi mwembamba mno wa kusema inaiponya. Baba akikosa usingizi, akikataa chakula au akisema amechoka kuishi, mpeleke hospitali, muziki hautoshi.

Kujua kama inasaidia, kila baada ya wiki 4 mpime kwa saa ya simu, muda uleule baada ya kidonge: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi zinaonyesha hatari ya kuanguka. Andika namba kwenye daftari. Akianguka mara 2 ndani ya mwezi mmoja, au akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu kisichoisha akikaa, simamisheni mazoezi mkamwone daktari na hilo daftari mkononi.