Punguza Sauti Kwenye Treki, Usisubiri Masteringi

Wewe unayeanza kumiksi nyumbani, shika hili mapema: kuufanya wimbo upige kwa nguvu ni kazi ya masteringi, hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo baada ya miksi. Kwenye miksi unatafuta kila chombo kikae mahali pake, mwimbaji asikike neno kwa neno na beisi isimmeze. Vijana wengi huchanganya kazi hizi mbili, na faili linamfikia fundi wa masteringi likiwa limebanwa kiasi kwamba hana pa kuligusa. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi wimbo wenyewe ni mzuri.

Kwenye sauti ya kidijitali, mwisho wa juu ni 0 dBFS, yaani desibeli zinazohesabiwa kushuka kutoka kwenye dari hiyo. Wimbi likizidi hapo, kilele chake kinakatwa bapa, na ndio ule mkwaruzo unaousikia kiki (ngoma nzito ya chini) na beisi zikigonga pamoja. Utaambiwa programu za siku hizi zinahesabu kwa biti 32 za floti (hesabu yenye nafasi hata juu ya 0), hivyo taa nyekundu haina neno. Ndani ya programu ni kweli, wimbi halikatwi. Likienda kwenye spika, au ukitoa WAV ya biti 16 au 24, linakatwa. Tena plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) nyingi zinazoiga mashine za zamani zimetengenezwa zifanye kazi vizuri sauti ikiwa wastani wa kama -18 dBFS. Ukiziingizia sauti kubwa kuliko hapo zinaanza kuichafua, nawe utahangaika na ekwalaiza kutafuta kasoro ambayo haiko huko.

Mimi huanza na kiki. Shusha feda (vitelezi vya sauti) zote chini kabisa, kisha pandisha kiki peke yake mpaka kipimo cha chaneli kuu, inakopita sauti yote, kisome karibu -10. Halafu lete beisi, na hapa usiwe na haraka. Kwenye nyimbo za sasa zenye beisi nzito kama 808 au log drum ya amapiano, kiki na beisi zinagombania masafa yale yale ya chini, na mawimbi mawili yanayolingana yakikutana sawasawa yanaongeza hadi desibeli 6. Kiki ina -10, beisi ina -10, chaneli kuu inaweza kusoma -4 na mwimbaji hajafungua mdomo bado! Wengi wakifika hapa wanabandika limita, plagini inayozuia sauti isivuke kiwango fulani. Wewe sikiliza kwanza ni nani anayepaswa kutawala kule chini. Kama ni kiki, shusha beisi desibeli 3 au 4, ipunguze kidogo kwenye masafa ambayo kiki ina nguvu, mara nyingi kati ya Hz 50 na 60, au weka kompresa inayoishusha beisi kila kiki inapogonga. Kipimo kitarudi karibu -7, na mdundo utausikia umeshiba kuliko ulivyokuwa.

Sauti ya mwimbaji haitakusumbua hivyo, ila kata yote yaliyo chini ya Hz 80 hivi. Huko hakuna uimbaji. Kuna muungurumo wa feni na wa magari yanayopita nje, na vyote hivyo vinakula nafasi bila kusikika. Sneya, gitaa na kinanda vitajipanga vyenyewe ukishaituliza sehemu ya chini.

Wimbo mzima ukiwa tayari, kilele kikisoma kati ya -6 na -3 umefika. Hiyo -6 inayotajwa kila mahali si sheria. Fundi anachotaka ni vilele visivyokatwa. Wala usihofu kwamba sauti ndogo itapoteza ubora: biti 24 zina upana wa kama desibeli 144 kinadharia, kwa hiyo hata -10 ni salama kabisa.

Ukijikuta umefika mwisho na chaneli kuu inawaka nyekundu, chagua treki zote uzishushe kwa kiasi kimoja. Lakini angalia makundi (treki kadhaa zinazopitishwa pamoja) yenye kompresa: ukipunguza sauti inayoingia, kompresa itashika kidogo kuliko mwanzo na uwiano wako utabadilika. Kwa treki zinazopita kwenye makundi hayo, acha feda zake zilivyo ushushe feda ya kundi lenyewe. Feda ya chaneli kuu siipendekezi, maana kwenye programu nyingi plagini zilizo hapo hupokea sauti kabla haijafika kwenye feda. Wa FL Studio, kagua pia chaneli kuu ya mradi mpya. Kwenye baadhi ya matoleo kiolezo cha kawaida huja na limita iitwayo Fruity Limiter tayari, na wengi wanamiksi miezi bila kujua iko pale.

Na wale mnaorekodi juu ya mdundo uliopakuliwa wa MP3: huo umeshapitia masteringi, unagonga dari. Ushushe desibeli 8 hadi 10 kwanza, ndipo uweke sauti. Kama umeununua, mwombe produsa treki mojamoja.

Ukiona miksi inasikika ndogo, zungusha kitufe cha spika. Wimbo wa kulinganishia nao ushushe mpaka ulingane na wako kwa sikio, kwa kuwa kilicho kikubwa hutudanganya kuwa ndicho kizuri. Spotify wenyewe kwa mpangilio wa kawaida huchezesha nyimbo kwa kiwango cha -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) na hushusha zilizozidi, hivyo ukibana ili uwe mkubwa kuliko wenzako utarudishwa chini, na uhai wa ngoma ulioufinya hutaurudisha.

Siku ya kutuma, toa WAV ya biti 24 au 32 za floti, kwa sampo reti (idadi ya sampuli kwa sekunde) ile ile uliyofanyia kazi, bila limita kwenye chaneli kuu na bila kuweka tiki kwenye kisanduku cha "normalize" kinachoipandisha sauti hadi dari. Acha sekunde chache mwishoni ili mwangwi umalizike. Msanii akitaka kubwa ya kusikiliza kwenye simu, mtolee nakala nyingine yenye limita, uiandike jina tofauti, na nakala hiyo nayo umpe fundi ajue msanii ameshazoea kusikia nini.