Kutoka Winga hadi Tisa: Anza na Miguu

Nilicheza raga misimu sita nikiwa winga, yule mkimbiaji wa pembeni. Nilianzia shuleni Kakamega, nikaendelea Nakuru nilipopata kazi huku, na sikuwahi kufikiria nafasi nyingine mpaka Januari moja skramu-hafu wetu, mvaa jezi nambari tisa anayeutoa mpira kwa wenzake, alipohamishwa kikazi kwenda Mombasa. Kocha akaniita kando: "Una mbio, una mikono mizuri. Vaa tisa." Hilo neno la mikono mizuri ndilo lililonichelewesha, kwa sababu nililiamini.

Kila msimu vijana wawili watatu hunifuata baada ya mazoezi kuniuliza jinsi ya kutoa pasi ndefu kutoka chini. Wanauliza habari za mikono. Mimi huwajibu habari za miguu, na wengine huondoka wakidhani nimewanyima siri.

Winga huvizia. Ndiyo kazi yake: anakaa pembeni, anasoma mchezo, nafasi ikifunguka anafyatuka. Tisa hana pa kuvizia. Mwenzako akiangushwa akiwa na mpira, unapaswa kuwa umeshafika pale kabla mpira haujatoka kwenye raki, lile rundo la wachezaji wanaosukumana juu yake. Mechi zangu za kwanza na timu ya pili nilikuwa nafika pamoja na mpira, au baada yake. Nikifika hivyo, nainama huku bado nakimbia, na pasi inamfikia nambari kumi, anayesubiri mpira kutoka kwa tisa, kwenye vifundo vya miguu au nyuma ya mgongo. Nikaona kosa ni viganja. Nikakaa wiki mbili nikifanya mazoezi ya viganja tu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyevaa jezi hiyo enzi zake, ambaye huja kutusaidia jioni. Mlioko Nakuru mnajua uwanja wa Januari ulivyo: nyasi zimekauka, chini ni vumbi. Nilitoa pasi kumi kwenda kushoto, zikaenda ovyo. Hakusema lolote kuhusu mpira. Akaniita tu, akachutama, akanionyesha nyayo zangu. Alama ya mguu wa kulia ilikuwa mbali na pale mpira ulipokuwa umelala, karibu hatua nzima. Ya kushoto ilielekea kwenye milingoti, na kumi alikuwa amesimama kwingine kabisa. "Mwili wako ulikuwa unaenda huku," akasema, "mpira ulitaka kwenda kule. Uliushindaje?"

Basi, unapotoa pasi kwenda kushoto, mguu wa kulia utue kando ya mpira, karibu nao kabisa. Wa kushoto upige hatua kuelekea kwa unayempa, vidole vikimtazama yeye. Kunja magoti, usikunje mgongo. Mpira uufagie kutoka pale ulipo, usiuvute kwanza kifuani, maana huko kuvuta ndiko kunakompa adui muda wa kukufikia. Mikono imalizie ikimwelekea mpokeaji. Kwenda kulia ni kinyume chake, na hapo ndipo wengi wetu tunaotumia mkono wa kulia tunapoteseka.

Mimi nilijifundishia kwenye ukuta wa ploti tunayopanga kule mtaa wa Shabab. Nilichora mraba kwa chaki usawa wa kifua, nikasimama hatua nane. Pasi 50 za upande mbovu zinatangulia, nikiwa bado na nguvu, kisha ndipo za upande mzuri. Ukianza na upande mzuri utachoka, halafu ule mbovu utaufanyia haraka haraka ili umalize. Mwezi wa pili nikaanza kuuchovya mpira kwenye beseni la maji, kwa sababu tulikuwa na safari ya Kakamega. Mvua ya alasiri ya kule naijua tangu utoto, lakini nilikuwa sijawahi kukutana nayo nikiwa tisa. Mpira uliolowa ukiuzungusha sana unaponyoka. Tandaza vidole, punguza mzunguko, na umwambie kumi asogee karibu kidogo. Pasi fupi inayofika ina faida kuliko ndefu inayookotwa matopeni.

Kuingiza mpira kwenye skramu, pale fowadi wa timu zote mbili wanapofungamana na kusukumana, si kugumu kama watu wanavyotisha. Tangu sheria zilipobadilishwa 2017, unaruhusiwa kusimama bega lako la kushoto likiwa usawa wa mstari wa kati wa skramu, hivyo unapata nafasi kidogo upande wa kwenu, ila mpira wenyewe lazima uingie umenyooka. Elewana na huka wako, yule wa katikati ya mstari wa mbele anayeuvuta mpira kwa mguu, kuhusu ishara, basi. Teke la juu la kutoka nyuma ya raki, nakushauri uliache mpaka msimu wa pili. Nimeona vijana wakilikimbilia kwa sababu linapendeza kwenye video, na bado pasi ya kulia inawashinda.

Na ukitazama video, mtazame Aaron Smith wa New Zealand au Antoine Dupont wa Ufaransa, lakini mpira wenyewe usiufuate. Tazama wanafanya nini sekunde mbili kabla ya kuugusa. Vichwa vyao viko juu. Wameshafika, wameshaona, na mara nyingi wameshasema.

Kusema ndiko kulikonipa taabu kuliko yote. Fowadi akiwa ndani ya raki kichwa kiko chini, hamwoni mtu. Wewe ndiye macho yake. Refa akishatamka kwamba mpira utumike, una sekunde 5, na ndani yake watu wanane wanangoja neno lako. Sasa, propu wetu, fowadi wa mstari wa mbele, tunamwita Mzee. Ananizidi miaka kumi na zaidi, ndiye aliyenisaidia kupata nyumba nilipohamia hapa. Mtu kama huyo nitampigiaje kelele "kulia, ingia!"? Nilikuwa namwomba kwa sauti ya chini, na raki inaoza.

Yeye mwenyewe ndiye alinikalisha chini siku moja tukifungua viatu. "Kijana, ukininyamazia pale chini siyo heshima, unaniacha gizani. Heshima yangu nipe tukitoka hapa. Ndani niamuru."

Nikaanza kujizoeza alfajiri nikikimbia barabara ya kupanda Menengai. Neno moja tu kila mara: kulia, kushoto, ngoja, sasa. Maneno mafupi, kutoka tumboni, huku pumzi imekatika, kwa sababu uwanjani ndivyo pumzi inavyokuwa. Mechi iliyofuata nilifika kwenye raki mapema, nikaona upande mwembamba hauna mtu, nikamwita. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka. Mzee akasikia, akaenda kulia.