Ni kujitesa, ila ngojeni kidogo

Mmeuliza wiki hii: kutembea kwa miguu kutwa nzima bila kwenda popote, ni mapumziko au ni kujitesa? Nimelisoma swali nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku nikajikuta nimekasirika peke yangu, maana bibi yangu kule Kondoa alikuwa anatoka saa tisa ya usiku kwenda mnadani na tenga la kuku kichwani na hakuna gazeti lililomuuliza kama amepumzika. Kwa hiyo jibu langu la haraka ni kujitesa, tena kwa watu ambao hawajawahi kutumwa maji.

Sasa ukweli. Naishi Plymouth, Uingereza, nalea wazee, na mwaka jana mwezi wa tano mama mmoja wa Kizungu tunayepangwa naye zamu alinibeba kwa gari mpaka Dartmoor. Mlioko huku mnapajua: nyika tupu ya juu, upepo, maji yamejificha chini ya majani ukikanyaga vibaya unazama mpaka kifundo, na vilima vyenye marundo ya graniti kichwani wanaviita tor. Mama akaniambia niangalie nyoka, kuna adder, eti ndiye pekee mwenye sumu nchi nzima. Nikacheka, mtu nimekua na vifutu uani.

Tulianzia Merrivale, ile barabara ya Tavistock kwenda Princetown. Kuna mawe yamesimamishwa kwa safu, mawili mawili yakitazamana kama watoto mstarini, safu ziko mbili na katikati yao unapita mfereji, ya kusini ina urefu wa mita kama 260. Yana zaidi ya miaka 3,000 na hakuna ajuaye yalikuwa ya kazi gani. Mimi nilitegemea maajabu, kumbe mengi hayafiki hata goti, nikamwambia mama haya kwetu ni mpaka wa shamba. Hakukasirika. Akasema watu wa hapa walipaita Soko la Viazi, wengine Soko la Tauni, inasimuliwa kwamba Tavistock ilipopigwa na tauni 1625 wakulima walikuwa wanaacha chakula hapo kwenye mawe kisha wanaondoka, watu wa mji ndio wanakuja kuchukua. Hapo nilinyamaza. Nilikumbuka 2020, ndugu za wazee wetu wanaacha vifurushi mlangoni halafu wanazunguka kwenda kupunga mkono dirishani.

Basi tukakaa tule, na hapa naomba mnivumilie. Nilikuwa na chapati nne kwenye foili. Akaja farasi mmoja mdogo wa kahawia, tumbo kubwa, nywele zimemfunika macho, akasimama kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nikageuka kumimina chai, kugeuka tena kichwa chote kiko ndani ya begi langu! Nikavuta begi, naye akavuta, foili ikachanika, chapati mbili zikaenda na ya tatu ikaanguka kwenye matope akaikanyaga. Nilitaka kumpa hiyo ya nne kwa hasira tu, mama akapiga kelele, ni marufuku kuwalisha, wakizoea chakula cha watu wanasogea barabarani wanagongwa na magari. Nikadhani ni wanyama wa pori, kumbe wana wenyewe, wafugaji wanawaachia wazurure halafu baridi ikikaribia wanawakusanya. Yaani nimeibiwa na mfugo wa mtu na hakuna wa kumdai.

Ndipo ukungu ukashuka. Pale North Hessary Tor kuna mnara wa matangazo, mama alikuwa anautumia kama alama yake, ukafutika dakika chache tu. Nikaogopa, sifichi. Mama akasema tufuate mawe, na yale yale niliyoyadharau tukawa tunayagusa moja moja, baridi, yana ukoga, mpaka tukasikia gari barabarani. Juu ya jiwe moja alitua ndege mdogo wa kijivu, mgongo kwa nyuma mweupe kabisa, wheatear. Mama akasema huyu baridi ikianza huku huenda zake kusini ya Sahara. Nikamwambia bora yeye anakwenda kila mwaka.

Najua kuna atakayeuliza mbona michoro ya kale ya miambani ya Kolo, kule kwetu Kondoa, sijaandika. Nilipelekwa na shule, tukakaa dakika kumi, mwalimu akataka soda tukaondoka.

Kwa hiyo jibu langu linabaki kujitesa. Malengelenge yalinichukua wiki nzima na zamu niliifanya kwa ndala. Ila mwezi wa tano nimeshaomba off siku mbili, kama mama atakuwepo maana peke yangu siendi, na kama mvua haitazidi, na chapati nitazivaa ndani ya koti.