Maswali na Majibu: Mafia ya Sisilia Ilitoka Wapi?

Je, ni kweli kwamba Mafia, mtandao wa siri wa wahalifu wa kisiwa cha Sisilia nchini Italia, iliundwa mwaka 1282, Wasisilia walipowaasi Wafaransa?

Si kweli. Uasi huo ulitokea, lakini Mafia ni zao la karne ya 19.

Basi ilianzaje?

Umwinyi ulifutwa kisheria Sisilia mwaka 1812, na ardhi ikawa mali ya kuuzwa na kukodishwa. Makabaila waliokaa Palermo, mji mkuu wa Sisilia, waliyakodisha mashamba yao kwa watu walioitwa gabelloti, ambao nao waliajiri wanyapara wenye bunduki. Jenerali Garibaldi, mpiganiaji wa muungano wa Italia, alipouangusha utawala wa Bourbon, ukoo wa kifalme uliokitawala kisiwa hicho, mwaka 1860, serikali mpya ya Italia ilishindwa kulinda mali za raia, na ulinzi ukageuka biashara ya wenye silaha.

Wengi hudhani chimbuko lake ni umaskini, ilhali Mafia ilistawi mahali penye fedha nyingi, yaani katika mashamba ya malimau yanayouzunguka mji wa Palermo. Daktari Gaspare Galati alikabidhiwa usimamizi wa shamba la aina hiyo mwaka 1872. Mlinzi wake, Benedetto Carollo, alikuwa akiiba hata makaa ya pampu ya maji, kwa nia ya kulidhoofisha shamba ili alinunue kwa bei ya kutupa. Galati alimfukuza, mlinzi aliyechukua nafasi yake akapigwa risasi, na barua za vitisho zikafuata. Polisi hawakumsaidia, na mwaka 1875 alikimbilia Napoli pamoja na familia yake.

Je, makundi mengine ya wahalifu wa Italia, Camorra na 'Ndrangheta, ni matawi ya Mafia?

Hapana. Camorra ni ya Napoli na 'Ndrangheta ni ya Calabria, kusini mwa Italia bara, kila moja na historia yake.

Lakini mwanzoni Mafia si iliwatetea wanyonge?

Huo ni uongo ambao wahalifu wenyewe wameueneza, na inasikitisha kuona vijana wetu wakiushabikia. Bernardino Verro, kiongozi wa wakulima wa mji wa Corleone huko Sisilia, aliapishwa katika kundi la siri la Mafia la mji huo mwaka 1893, akachomwa kidole hadi kikatoka damu, kwa kuwa aliamini kundi hilo lingewasaidia wakulima. Alipogundua kwamba lilikuwa upande wa wenye mashamba alijitenga nalo, akaendelea kuwapigania wakulima mpaka akawa meya, na mwezi Novemba 1915 akauawa kwa risasi.

Serikali haikujua?

Ilijua mapema mno. Galati aliiandikia Wizara ya Mambo ya Ndani, na mwaka 1876 mtafiti Leopoldo Franchetti alikwenda Sisilia kuchunguza, akaeleza bayana kwamba ukatili kule ulikuwa umegeuka kazi ya kujipatia kipato. Hata hivyo, wanasiasa waliohitaji kura za kisiwa hicho walinyamaza, na sheria inayofanya uanachama wa Mafia wenyewe kuwa kosa la jinai ilipitishwa mwezi Septemba 1982, baada ya mbunge Pio La Torre, aliyeipendekeza, na Jenerali Dalla Chiesa, aliyetumwa kupambana na Mafia, kuuawa mjini Palermo mwaka huohuo.