Ofisi ya nyumbani Mtwara na Lindi: vuta waya kwanza, ndipo ufunge aksesi pointi

Dada mmoja wa Shangani, Mtwara, anayefanya kazi ya uhasibu akiwa nyumbani huku mwajiri wake yuko Dar es Salaam, ameniandikia kuuliza anunue repita gani ili vikao vya video visimkatikie akiwa chumba cha nyuma. Swali hilohilo huletwa na watu wa Lindi, Masasi na Newala, na jibu langu halibadiliki: usinunue repita, nunua waya.

Repita nyingi za bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo muda wa hewani unagawanywa mara mbili na kasi inashuka karibu nusu. Halafu watu huichomeka palepale ambapo ishara imeshachoka, nayo inarudia uchovu uleule. Simu itaonyesha Wi-Fi imejaa, lakini sauti ya bosi itaendelea kukatika. Aksesi pointi ni kitu kingine kabisa. Inaletewa mtandao kwa waya kutoka kwenye ruta, kisha inaurusha hapo hapo ulipokaa wewe. Ukuta uliokuwa ukimeza ishara hauna neno tena, maana waya umeshaupita.

Kabla hujatoa hela, hakikisha tatizo liko ndani ya nyumba. Keti na laptopu kwenye meza ya kazi, fungua dirisha la amri la Windows (tafuta cmd), andika ping -t 192.168.1.1, yaani anwani ya ruta yako kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko chini yake. Amri hiyo hubisha hodi kwenye ruta na kupima muda wa jibu; iache ikimbie dakika tano. Mtandao wa ndani ulio mzima hujibu kwa milisekunde chache, bila kuyumbayumba. Ukiona namba zinaruka hadi 150 au 300, au majibu yanapotea, Wi-Fi ndiyo mbovu. Kisha andika ping -t 8.8.8.8, yaani seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Kama ya kwanza imetulia na ya pili inahangaika, kasoro iko nje: mnara umelemewa, bando limepunguzwa kasi, au njia kubwa imekatika kama ilivyokuwa Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika na Tanzania nzima ikaumia. Hapo hata ufunge aksesi pointi kumi hutapata nafuu. Naliwekea mkazo jambo hili kwa sababu watu wengi hununua kifaa cha kutibu nyumba wakati mgonjwa ni laini ya simu.

Kipimo cha pili ni nguvu ya ishara. Programu za kuchunguza Wi-Fi kwenye simu za Android huonyesha namba ya dBm, nayo huwa hasi. Kwa kikao cha video tafuta -67 au iliyo karibu zaidi na sifuri. Kufika -75 utasoma barua pepe kwa shida kidogo. Kwenye -80 usipoteze muda wako.

Nyumba zetu za kusini zina tabia zake. Tofali la saruji la inchi sita hula sehemu nzuri ya ishara, na Wi-Fi ya bendi ya 5 GHz huliwa zaidi kuliko ya 2.4 GHz. Kuta mbili za namna hiyo na korido katikati zinatosha kuimaliza 5 GHz. Nyumba kongwe za mawe na chokaa za Mikindani, zenye ukuta unaokaribia nusu mita, hapo usitegemee ishara ipenye kabisa. Kila chumba cha kazi kivutiwe waya wake. Dari ya jipsamu haina madhara makubwa. Zege lenye nondo ni adui, na tangi la maji lililo katikati ya njia pia ni adui. Kitu ambacho mafundi wengi hawakitazami ni wavu wa mbu wa dirishani. Ule wa nailoni hauzuii kitu, lakini ule wa chuma au alumini una matundu madogo mno kulinganisha na urefu wa mawimbi, hivyo unafanya kazi ya ukuta wa bati.

Wavu huo ndio unaoharibu hata mpangilio wa ruta ya 4G. Watu wengi huku wanatumia ruta ya laini ya simu, na ruta hiyo inatakiwa ikae pale mnara unaposikika vizuri, si pale meza ilipo. Fungua ukurasa wa ruta (andika anwani yake kwenye kivinjari), tafuta RSRP (nguvu ya ishara ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -80 hadi -90 ni nzuri, -110 ni mbaya, na SINR kadiri inavyopanda juu ya 10 ndivyo mambo yanavyonyooka. Zungusha ruta dirisha kwa dirisha, ukiipa dakika chache kila mahali kabla ya kuandika namba. Dirisha lenye wavu wa chuma litakudanganya, kwa hiyo pima wavu ukiwa umefunguliwa na ukiwa umefungwa. Ukishapata mahali, ruta isihame tena. Waya ndio utakaokwenda mezani.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nunua kebo ya mtandao ya Cat 5e au Cat 6 ya shaba tupu. Madukani imejaa kebo ya alumini iliyopakwa shaba, na kwa macho zinafanana. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha ndani, rudisha. Alumini inakatika ikikunjwa, ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, na ukiitumia kupitisha umeme wa aksesi pointi, volti zinashuka njiani na kifaa kinajizima na kujiwasha kila kazi inapozidi. Kebo hizi zinaruhusiwa kufika mita 100 kati ya kifaa na kifaa. Nyumba ya kawaida haimalizi hata 30. Pima njia halisi, kupanda hadi darini na kushuka, kisha ongeza mita tatu. Kama unaagiza Kariakoo ije na basi, agiza na vichwa vya RJ45 vya kutosha, mara tatu ya unavyohitaji, kwa sababu kichwa kilichobanwa vibaya hukatwa na kutupwa.

Pitisha kebo kwenye paipu ya PVC ya milimita 20. Panya wa darini wanaipenda sana kebo iliyo wazi. Usiipitishe paipu moja na waya wa umeme. Ni hatari, na pia inaleta kelele kwenye mawimbi. Zikikutana, zikatizane kwa pembe ya mraba. Kama sehemu ya njia iko nje, kuelekea banda la uani kwa mfano, tumia kebo nyeusi ya nje, kwa sababu ganda la ile ya kijivu hupasuka kwa jua. Kabla kebo haijaingia ukutani, iachie mkunjo unaoning'inia chini ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kwa majengo mawili yaliyoachana, masika ya radi yakianza chomoa pande zote mbili, au tumia kebo ya faiba ambayo haipitishi umeme.

Kubana kichwa kunahitaji mpangilio mmoja pande zote mbili. Ukishika kichwa huku ulimi wake ukitazama chini, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mtu anaweza kusema rangi si kitu mradi pande zote zifanane. Si kweli. Nyuzi zimesokotwa mbili mbili ili kila jozi ifute kelele zake, na kijani imetenganishwa makusudi kwenda nafasi ya 3 na ya 6. Fundi akipanga jozi zikafuatana tu moja baada ya nyingine, testa ya taa itawaka zote nane vizuri, lakini data itakuwa inapotea, na utalaumu ruta mwezi mzima. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na nusu hivi. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe na kile kipande cha plastiki, la sivyo siku moja utavuta meza na nyuzi zitang'oka.

Kwa walio karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko, Lindi mjini, chumvi ya hewani inakula miguu ya shaba ya vichwa na matundu yake. Ukiona kutu ya kijani, kata, bana kipya. Tundu lisilotumika lizibe.

Kifaa chenyewe hakihitaji kuwa cha gharama. Ruta ya zamani iliyo kabatini inafaa kabisa ikiwa ina matundu ya waya na bendi ya 5 GHz. Iunganishe na laptopu peke yake, ikiwa bado haijaguswa na ruta kubwa. Ingia kwenye ukurasa wake. Kama menyu ina hali ya aksesi pointi, ichague na umemaliza nusu ya kazi. Kama haina, badilisha anwani yake ya ndani iwe 192.168.1.2 (ikiwa ruta kubwa ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia 100 na kuendelea), kisha zima DHCP (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), hifadhi. Ndipo uchomeke waya kutoka tundu la LAN (la mtandao wa ndani) la ruta kubwa kwenda tundu la LAN la hii, si lile la WAN (la kuingizia intaneti). Hapa panataka umakini. Ukisahau kuzima DHCP, vifaa viwili vinagombea kugawa anwani, na baadhi ya simu zitaandika zimeunganishwa lakini hakuna intaneti. Leo hii, kesho ile, bila mpango. Ukiiacha na mipangilio yake ya zamani ukachomeka kwenye WAN, intaneti inaweza kupatikana, lakini umejenga mtandao ndani ya mtandao, na printa iliyo sebuleni laptopu haitaiona.

Ukinunua aksesi pointi ya kufungwa darini, soma inakula umeme wa aina gani kupitia waya. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 na huuliza kwanza kabla ya kutuma. Visanduku vya kutuma umeme vya volti 24 vya kulazimisha havimuulizi mtu. Ukichomeka laptopu kwa bahati mbaya kwenye tundu lake, unaweza kuiunguza. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kile kisanduku cha umeme: waya huu ni wa aksesi pointi tu.

Ifunge chini ya dari, kamwe si juu yake. Vifaa vingi vya nyumbani vimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na kati ya dari na bati mchana wa Novemba panapita hapo. Iwe chumba kilekile chenye meza, isijifiche nyuma ya kabati la chuma wala kioo kikubwa.

Kwenye mipangilio, 2.4 GHz ipe upana wa 20 MHz na chaneli 1, 6 au 11, tofauti na ile ya ruta kubwa. Chaneli za katikati hupandana na majirani wa pande zote mbili. Kwa 5 GHz chagua 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 kifaa hulazimika kuhama kikihisi rada, na kuhama katikati ya kikao hakupendezi. Kwa ulinzi wa Wi-Fi tumia WPA2 yenye AES au WPA3, zima WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN), na badilisha neno la siri la ukurasa wa mipangilio lililokuja na kifaa. Jina la mtandao likiwa moja na neno la siri moja, simu itahama yenyewe ukitembea. Ikiwa laptopu inang'ang'ania ruta ya mbali, punguza nguvu ya kurusha ya ile ruta kubwa, au ipe ofisi jina lake. Mtandao wa wageni kwenye ruta za bei ndogo zilizo katika hali ya aksesi pointi mara nyingi hautengi wageni na printa yako, kwa hiyo jaribu mwenyewe kabla ya kuuamini. Na kompyuta isiyohama mezani ichomeke waya moja kwa moja; hewa iachie simu.

Bado umeme. UPS ndogo ya volti 12 inatosha, mradi usome kibandiko: zipo ruta za volti 9 na za volti 5, na tundu la 5.5 kwa 2.1 si sawa na la 5.5 kwa 2.5. Ile iliyoandikwa mAh 8,800 huhesabiwa kwa betri za volti 3.7, yaani takribani saa-wati (Wh) 32. Ruta na aksesi pointi zikila wati 10 kwa pamoja, utapata kama saa mbili na nusu ikiwa mpya. Jumlisha ampea za vifaa vyote viwili uone kama UPS inazimudu. Tundu lake la PoE (la kupitisha umeme ndani ya waya wa mtandao) mara nyingi ni la kulazimisha, usilichomekee aksesi pointi ya 802.3af. Ukimaliza, piga simu ya video na ndugu yako jioni, kisha zima meni swichi ukiwa katikati ya maongezi. Ruta ikijiwasha upya, UPS hiyo inachelewa kupokea mzigo au umeizidishia, na afadhali ulijue hilo wakati duka bado linakubali kuibadilisha.