Mumeo Hajamwacha Mungu

"Shangazi, mafuriko yalizoa mazao yetu yote na upande mmoja wa nyumba. Mimi nimemwachia Mungu, maana upepo na maji vyote vinamtii. Mume wangu ndiye amepoteza imani. Haji tena ibadani, na mvua ikianza usiku anasimama mlangoni na tochi mpaka kunakucha. Nikimwonya, ananyamaza. Juzi nilimwambia shamba limekwenda kwa sababu ya dhambi zake, tangu hapo hatuongei. Nifanyeje arudi kwa Mungu?"

Binti yangu, pole. Kuona maji yakiingia pale unapolaza wanao si jambo dogo.

Sasa nikuulize: huyo mwanamume na tochi yake mlangoni analinda nini? Wewe umelala, watoto wamelala, yeye anatazama maji yamefika wapi. Wewe unasema hana imani. Mimi naona baba. Na hilo neno la dhambi umelichomeka mwishoni, lakini ndilo barua yote. Nahisi hata wenzio wa ibadani umewaambia. Basi usishangae haji.

Kasome Ayubu tena, taratibu. Upepo uliangusha nyumba ukaua watoto wake 10 siku moja. Rafiki zake wakaja, wakaketi naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walikuwa rafiki kweli. Walipofungua midomo wakaanza kumtafutia dhambi. Ayubu alilia, akalaani hata siku aliyozaliwa. Mungu alipomjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, alimuuliza alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, na ni nani aliyeifungia bahari milango. Kwa nini watoto walikufa, hakumwambia. Lakini hasira yake iliwawakia wale waliojifanya mawakili wake, na Ayubu ndiye aliyetakiwa awaombee! Kwa hiyo kama unaamini mafuriko yako mikononi mwa Mungu, na sababu zake ziache humo humo. Wewe nani amekupa kuzitangaza?

Na kumwachia Mungu si kukunja mikono. Mtume Paulo, meli yao ikipigwa na dhoruba, aliahidiwa na Mungu kwamba kati ya watu 276 waliokuwa melini hatapotea hata mmoja. Hata hivyo nanga nne zilishushwa, ngano ikatupwa baharini, na mabaharia walipotaka kutoroka, Paulo alisema wakiondoka hao hakuna kuokoka. Mumeo naye anashusha nanga.

Wanandoa wa siku hizi mmeyafanya Maandiko fimbo. Mke ana mstari wake, mume ana wake, wanachapana nayo nyumbani, kisha wanakwenda kuimba pamoja. Nyumba ambayo maji yameshindwa kuibeba inabomolewa na mashindano ya nani anaamini zaidi. Inaniuma sana, kwa sababu barua za namna hii nazipata kutoka kwa watu wanaompenda Mungu kweli.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, usiungoje. Kamwombe msamaha leo, na ulitaje kosa lenyewe: nilikuhukumu. Kama uliwaambia wengine, nao ukawaambie ulikosea. Ibada usiitaje kwanza. Usiku mvua ikianza, amka nawe, usimame karibu naye, umshikie tochi. Usihubiri. Akifungua kinywa, hata kama ni kumlalamikia Mungu, mwache aseme mpaka amalize.